Mlingoti hauhitaji kung'aa

Kwenye fukwe za hoteli, kuanzia Watamu mpaka Nungwi, siku hizi yamejaa majahazi ya kuwapeleka watalii kutazama jua likizama. Milingoti yake mingi imepakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, na mchana wa jua kali inaumiza macho. Mbele kidogo, kwenye mchanga uleule, hulazwa mashua za kubeba mchanga, mawe na boriti. Milingoti ya hizo ni ya kijivu, ina nyufa ndefu, na ukiisogelea pua inakujulisha kwamba papa amepita hapo. Mgeni akiulizwa ni mlingoti upi unaotunzwa, atanyoosha kidole kwenye ule unaong'aa. Mara nyingi atakuwa amekosea, na kukosea huko kunawagharimu wenye vyombo, maana mti mnyoofu wa kufaa mlingoti si kitu cha kuokota njiani tena.

Fundi wa zamani alikuwa na uchaguzi. Kwenye delta, pale maji ya mto yanapoipunguza nguvu chumvi, kulikuwa na msikundazi, mti mgumu uliopendwa kwa milingoti ya majahazi. Ufukweni kulikuwa na mtondoo. Muia ulitosha kwa ngalawa na mashua ndogo. Mvinje nao, kwa kuwa hukua haraka tena wima, umewasitiri wengi. Vyombo vikubwa vya Waarabu vilikuja na milingoti iliyokatwa pwani ya Malabar, India. Leo mikoko inalindwa pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania, na Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakata mikoko wa Lamu nao walikaa bila kazi. Mwenye mlingoti mzima ana mali, na swali la nini cha kuupaka si la urembo tena.

Kabla ya kuingia dukani kununua kopo, ni vizuri kujua mlingoti unaliwa na nini.

Kwanza ni jua. Nyuzi za mti zimeshikanishwa na kitu ambacho wataalamu wa mbao hukiita lignini. Mionzi ile ya jua isiyoonekana kwa macho huivunjavunja lignini iliyo juu juu, mvua ikija inaiosha, na zinazobaki ni nyuzi tupu za kijivu. Ukijivu wenyewe si ugonjwa. Ni tabaka jembamba, na ukipitisha kisu unakutana na mti mzima wa rangi yake. Balaa linakuja pale mti unapokuwa umefunikwa na kitu angavu. Mionzi inapenya vanishi, inavunja lignini iliyo chini yake, na vanishi inabaki imeng'ang'ania uso ambao umeshakufa. Ndipo inapoanza kubanduka kwa magamba, huku mwenye chombo akimlaumu mwenye duka. Pwani yetu ipo jirani na ikweta. Kipimo cha mionzi ya jua hapa hufika 11 na kuzidi mara kwa mara, na Shirika la Afya Duniani huweka kiwango hicho kwenye daraja la mwisho la hatari. Maelezo yaliyoandikwa kwenye kopo kwa ajili ya bandari za Ulaya Kaskazini hayakutuwazia sisi.

Pili ni maji, lakini si ya bahari, na hapa wengi hubisha. Kuvu wanaoozesha mti wanataka unyevu, kwa kawaida zaidi ya asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, na wanataka hewa. Chumvi hawaipendi. Mlingoti unaorushiwa mawimbi kila siku unaweza kuishi kuliko ule uliolazwa chini ya mwembe ukinyeshewa na masika. Wajenzi wa merikebu wa New England, Marekani, katika karne ya 19 walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mataruma ya chombo kipya ili mbao zisioze. Jeshi la wanamaji la Uingereza nalo lilikuwa na mabwawa ya milingoti kwenye karakana zake, Chatham ikiwa mojawapo, ambamo miti ilizamishwa mpaka siku ya kutumika isije ikakauka na kupasuka. Kwa hiyo anayemwona mvuvi akiumwagia mlingoti wake maji ya bahari jioni asimcheke.

Tatu ni msuguano, na huu ndio unaosahauliwa na wauza vanishi. Tanga letu la pembe tatu hufungwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa kwa henza huku ikishikizwa kwenye mlingoti kwa kamba inayouzunguka. Kila ikipanda na kila ikishuka, kamba ile inasugua. Ukiutazama kwa karibu mlingoti wa mashua inayofanya kazi, utaiona njia ya kamba hiyo, kuanzia juu ya vichwa vya mabaharia mpaka karibu na gofia. Mti hapo ni mweusi, laini, umejaa mafuta, na kingo za nyufa zimesuguliwa mpaka zikawa butu. Pitisha kiganja, hakichomwi na kibanzi hata kimoja. Hakuna vanishi duniani itakayokaa mahali hapo mwezi mzima.

Wazee wa pwani waliyajibu yote haya kwa sifa, yaani mafuta ya papa. Maini ya papa hukatwakatwa, hutiwa kwenye debe na kuachwa juani mpaka mafuta yajitenge, au huchemshwa kwa mwenye haraka. Harufu yake sitaieleza, aliyewahi kukaa upande wa upepo anaijua. Mafuta hayo hupakwa kwa kitambaa kuanzia kilele cha mlingoti mpaka kwenye mbavu za chombo juu ya mstari wa maji. Chini ya mstari huo kazi ni ya deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Baharia Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na bumu la Kuwait liitwalo Bayan mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden mpaka Zanzibar na kisha delta ya Rufiji kuchukua boriti, aliyakuta mambo hayohayo na kuyaandika kwenye kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940. Toka Ghuba mpaka Kilwa, fundi mmoja angeielewa kazi ya mwenziwe bila mkalimani.

Ubora wa sifa uko hapa: haikai juu ya mti. Inaingia. Kisichokaa juu hakiwezi kubanduka. Pale kamba inaposugua, inayasambaza mafuta badala ya kuyaondoa. Na siku ya kurudia huhitaji msasa, wala kukwangua, wala fundi wa kutoka mjini. Mtoto wa nahodha anapewa kitambaa na kopo, anapanda, jioni kazi imekwisha. Mafuta ya samaki yana tabia nyingine njema, nayo ni kuganda taratibu yanapokutana na hewa, hata mti ukawa na ngozi fulani inayokataa maji. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo. Kila mwaka wapo wanaoyajaribu kwa sababu yapo jikoni na yananukia, lakini nazi haikauki. Inabaki utelezi, inachacha, inakusanya vumbi, na mvua ya kwanza inaishusha yote kwenye sitaha.

Hata hivyo siwezi kumshauri mtu wa leo arudi kwenye sifa. Papa wamepungua, na aina nyingi za Bahari ya Hindi ziko hatarini. Kuwaua kwa ajili ya kupaka mti ni hesabu mbaya. Tena sifa inachafua tanga jeupe, na abiria wa kulipa kwa dola hataketi karibu nayo. Huko Kerala, India, wavuvi wamekuwa wakipaka mitumbwi yao mafuta ya dagaa, na pia yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho. Sisi tunaolima korosho Mtwara, Lindi na Kilifi tungepaswa kulifikiria jambo hili kwa makini kuliko tunavyofanya. Tahadhari yake ni kwamba mafuta ya maganda huunguza ngozi vibaya, kama wabanguaji wanavyojua, kwa hiyo bila glavu mtu asiyaguse.

Kuna jambo katika historia ya vanishi ambalo kila nikilikumbuka hunichekesha, na linatuhusu. Karne ya 19, vanishi bora kabisa ya Ulaya na Marekani ilitengenezwa kwa sandarusi ya Zanzibar. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, lakini ile ya thamani haikukwanguliwa mtini. Ilichimbwa ardhini kwenye Mrima, hasa nchi ya Wazaramo, mahali ambapo misandarusi ilikufa zamani sana na utomvu wake ukabaki udongoni ukikomaa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko kuanzia mwaka 1857, alieleza namna wachimbaji walivyofukua vishimo na jembe dogo, na jinsi wafanyabiashara walivyoitofautisha sandarusi iliyokomaa na chakazi, ile changa inayotoka kwenye mti ulio hai. Iliyokomaa ilijulikana kwa vipele vyake: ikishaoshwa, uso wake hufanana na ngozi ya bata aliyenyonyolewa.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, Massachusetts. Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Zanzibar kuwa balozi mdogo. Merikebu zilileta kitambaa cha marekani na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Salem kwenyewe, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda kilichoiosha sandarusi kwa maji ya magadi ili kuliondoa gamba, kisha ikauzwa kwa wapika vanishi. Wao waliiyeyusha kwa moto mkali, wakaimiminia mafuta ya kitani yaliyo moto, wakaizimua kwa tapentaini. Magari ya farasi ya matajiri, piano na vyumba vya manahodha viling'aa kwa utomvu wa Uzaramo, wakati majahazi yaliyoubeba kutoka Bagamoyo kwenda Unguja yamepakwa maini ya papa.

Mtu wa haraka atasema huo ni unyonge. Mimi sioni hivyo. Vanishi ya sandarusi ilikuwa ngumu, na ugumu ndio uliotakiwa kwenye piano. Mlingoti hupinda. Upepo wa kusi ukiingia tanga, mti unapinda na kurudi, na kitu kigumu kilicho juu yake kinapasuka nyufa ndogo ambazo maji huzipenda. Wapika vanishi walilijua hilo, ndiyo maana ile ya milingoti waliizidishia mafuta na kuipunguzia utomvu ili iwe laini. Kanuni hiyo haijabadilika. Karne ya 20 ilileta utomvu wa viwandani, na biashara ya sandarusi ikafifia, lakini vanishi nzuri ya mlingoti bado ni ile laini yenye mafuta mengi na yenye dawa ya kuzuia mionzi. Ile ya samani inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, inayokauka ngumu kwa saa chache, ni ya meza na milango ya ndani. Ukiipaka mlingoti, umetupa pesa baharini.

Anayetaka vanishi basi, na wapo wenye sababu nzuri ya kuitaka, ajue ameoa kazi. Mti ukauke kwanza kikamilifu, kwa wiki kadhaa chini ya paa lenye hewa, si juani. Upigwe msasa kufuata nyuzi. Mkono wa kwanza uzimuliwe kwa tapentaini, nusu kwa nusu, ili uzame. Inayofuata iwe mizito zaidi, msasa laini katikati, mpaka itimie sita au zaidi. Kazi ianze asubuhi umande ukishakauka na isimame kabla jua halijapanda sana, kwa sababu jua la mchana hukausha ngozi ya juu huku chini pakiwa pabichi, na mapovu yanatokea. Jioni nako umande huitia ukungu. Halafu, na hapa ndipo wengi hushindwa, isingojewe ibanduke. Mara tu mng'ao unapopungua, msasa mwepesi na mikono miwili mipya. Ulaya watu hufanya hivyo mara moja kwa mwaka. Kwa jua letu ni kila baada ya miezi sita hivi, na upande unaoelekea jua huenda ukataka mapema zaidi. Aliyechelewa hana njia ya mkato: atakwangua yote mpaka kwenye mti na kuanza upya, na kila kukwangua kunaupunguza mlingoti unene.

Rangi ya mafuta haipendwi na watu wa vitabu vya picha, lakini kwa kuzuia jua inaishinda vanishi kwa mbali, maana chembe za rangi husimama kati ya mionzi na mti. Nyeupe au ya maziwa ndiyo bora. Nyeusi hupasha mti moto, na mti ulio moto hupasuka. Mabaharia wa Ulaya walikuwa na desturi nzuri ya kupaka nyeupe ncha ya mlingoti na ncha za foromali tu, na kuiacha sehemu ya katikati kwa mafuta. Walijua hawatapanda huko juu mara kwa mara, wakaweka kitu kinachodumu pale ambapo mkono haufiki.

Ubaya wa rangi ni kwamba inaficha. Kuoza kunaanza chini yake na hakuna anayekuona. Dawa ni kupima. Chukua nyundo ya mti, gonga mlingoti kuanzia chini, sikiliza. Mti mzima hujibu kwa mlio mkavu. Uliooza hujibu kwa mlio wa bubu. Kisha chukua bisibisi nyembamba na uchokoe chini ya pete za chuma na kuzunguka misumari. Chuma hukusanya maji, kikapata kutu, na kwenye miti ya mikoko yenye dawa nyingi ya kutengenezea ngozi, kutu huacha doa jeusi. Doa peke yake si kuoza. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, huko ni kuoza.

Nyufa zinawatisha watu bila sababu. Mlingoti uliochongwa kutoka mti mzima wenye kiini chake ndani lazima upasuke, kwa sababu mti unapokauka hunywea zaidi kufuata mzunguko wake kuliko kuelekea kiini. Ufa unaokwenda na urefu wa nyuzi haupunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha. Unaotisha ni ule unaokata nyuzi kwa upana. Lakini usiuzibe ufa kwa gundi ngumu au simenti ya mbao. Mvua ikinyesha mti unavimba, ufa unataka kujifunga, unakutana na kabari uliyoipiga mwenyewe, na mti unapasuka mahali pengine. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta inatosha. Ni laini, itatoka yenyewe ufa ukibana.

Gundi ya epoksi ina wafuasi, hasa miongoni mwa vijana waliofanya kazi kwenye boti za plastiki. Kwa mlingoti wa mbao nyembamba zilizounganishwa, wenye uwazi ndani, ni nzuri, alimradi ifunikwe na rangi au vanishi, maana jua huifanya iwe unga. Kwa gogo la muia au mvinje, hapana. Gogo litapasuka tu, epoksi itapasuka nalo, maji yataingia na hayatapata pa kutokea. Lami nayo, ambayo watu huipaka kwa sababu wameona inazuia maji kwenye paa, hulainika juani, hushika kamba na matanga, na hufungia unyevu ndani.

Kuhusu oili chafu ya injini sina subira. Nimeiona ikipakwa Lamu, Mombasa na Bagamoyo, na hoja ni moja tu: ni ya bure. Haikauki milele. Imejaa masalia ya moto na chembe za metali za injini, na yote huishia kwenye maji wanamoogelea watoto na wanamookotwa chaza. Zaidi ya hapo, mlingoti ulionyweshwa oili chafu hauwezi tena kushika rangi wala vanishi, hata uuoshe kwa nini. Nahodha akimwambia fundi apake chochote kilichopo, fundi mwenye heshima ya kazi yake ana haki ya kujibu, "Nahodha, hicho kilichopo kitaua chombo."

Kwa hiyo nini kipakwe? Mlingoti usitazamwe kama kitu kimoja, maana kilele, katikati na kitako havina shida moja.

Kilele ndiko mvua inakoingia. Nyuzi zilizokatwa ncha hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko ubavu wa mti, na mti unaweza kuoza kuanzia juu kwenda chini huku kila kitu kikionekana salama. Kilele kichongwe kwa mteremko ili maji yasituame, kinyweshwe mafuta ya kitani yaliyopashwa moto kidogo mpaka kikatae kupokea, kisha kipakwe rangi nyeupe na kuvikwa kofia ya bati la shaba au turubai iliyolowekwa rangi. Kazi hii inachukua asubuhi moja, na kwa maoni yangu ina faida kuliko makopo yote ya vanishi utakayopaka chini yake.

Katikati, pale kamba ya foromali inapopita, ni mafuta tu. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayokauka, yazimuliwe nusu kwa tapentaini kwa mkono wa kwanza, kisha yapakwe matupu, membamba, yakifutwa kwa kitambaa mpaka yasibaki juu. Yakiachwa mazito hunata na kuota ukungu. Mkono wa mwisho unaweza kutiwa nta ya nyuki, na juu yake, kwenye njia ya kamba, shahamu kidogo kabla ya safari. Kwenye merikebu za zamani za Magharibi kazi hiyohiyo ilifanywa kwa mafuta yaliyoenguliwa kwenye sufuria ya nyama ya mpishi, na mabaharia wadogo walipandishwa juu kupaka. Onyo moja la lazima: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vitandazwe juani mpaka vikakamae, au vitumbukizwe kwenye ndoo ya maji.

Foromali nayo ni ya mafuta, kwa sababu inapinda kuliko mlingoti. Zaidi ya hayo, foromali kubwa ni miti miwili au zaidi iliyopachanwa na kufungwa kwa kamba, na chini ya vifungo hivyo ndiko unyevu unakojificha. Vifunguliwe kila msimu. Anayepaka rangi juu ya vifungo ili pasionekane pabaya anaficha gharama ya mwakani.

Kitako kinakaa gizani ndani ya mwashiri, ule ubao unaoushika mlingoti chini, na hapo maji hukusanyika yasione jua. Usikipake kitu cha kukifunga kabisa, kwani maji yataingia tu, na yakiingia yasipate njia yatakaa. Mafuta kwa wingi, deheni kuzunguka ulimi wake, na tundu dogo kwenye mwashiri la kutolea maji. Tundu hilo lizibuliwe kila chombo kinapopandishwa pwani. Ukiwa na muda wa kukagua sehemu moja tu, kagua hapa.

Mwenye jahazi la watalii anayetaka mng'ao anaweza kuupata bila kujidanganya: vanishi laini yenye kinga ya mionzi kwenye sehemu ya chini inayoonwa na abiria na inayofikiwa na mkono, mafuta kwenye njia ya kamba, rangi nyeupe kileleni. Mwenye mashua ya mizigo hana haja ya vanishi hata kidogo. Mafuta mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kusi ikimalizika, yanamtosha.

Mvua za masika huanza Machi. Mlingoti unahitaji wiki kadhaa za kukauka kabla haujapakwa chochote, kwa hiyo anayetaka kuushusha mwaka huu aushushe Januari, kaskazi ikiwa bado kavu, na aanze kwa kuangalia kitako.